Web ya hosti ya ESXi imekufa ila VM zinapiga kazi, naanzia wapi kwenye SSH?

mlinzi_wa_seva:

Wakuu habari zenu. Nina klasta ya hosti za ESXi 7 (seva za VMware zinazobeba VM, yaani kompyuta pepe) chini ya vCenter, ile ya kusimamia hosti zote pamoja, na pembeni kuna hosti moja ya KVM (ya kubeba VM kwa Linux) ambayo nayo nitaiulizia humu humu. Tatizo ni hili, hosti moja kwenye vCenter inaonekana haijibu, nikifungua web yake moja kwa moja kwenye brauza inanirudishia 503, lakini ping inajibu na VM karibu zote zilizo juu yake ziko hai, watu wanaendelea na kazi kama hamna kitu. Isipokuwa VM moja tu, hiyo imeganda kabisa, ping haijibu na sina pa kuizimia mana vCenter haiioni hosti.

SSH, yaani kuingia kwenye hosti kwa komandi kutoka mbali, ilikuwa imewashwa toka zamani kwaiyo naingia vizuri kama root. Shida ni kwamba juu ya hosti hiyo kuna databesi ambazo hazitakiwi kuzimwa ovyo na kuzihamisha kwa vMotion (kwenda hosti nyingine zikiwa hai) haiwezekani kwa hali ilivyo. Kazini naambiwa niributi hosti yaishe, mimi nagoma kwasababu naona kabisa VM zinafanya kazi. Naomba mnisaidie naanza na komandi zipi, na zipi nisiziguse. Na kama kuna mtu ana komandi anazozitumia kila siku kwenye hosti za namna hii azimwage hapa, wengi tutafaidika.

kebo_nyekundu:

Piga `services.sh restart` mkuu, subiri kidogo, vCenter itaiona tena. Mimi ndo dawa yangu siku zote.

teminali_nyeusi:

Ngoja kwanza mlinzi, usipige hiyo bado, na umefanya vizuri kugoma kuributi. Nitakueleza kwanini ili na wewe ukawaeleze hao wa kazini kwako.

Kwenye ESXi kila VM inaendeshwa na prosesi zake juu ya vmkernel, yaani kerneli ya ESXi yenyewe. Kile kinachoitwa hostd ni ajenti wa usimamizi tu, ndo anayepokea maombi ya web na ya komandi nyingi, na vpxa ni yule anayeongea na vCenter kwa niaba ya hosti. Ni kama karani wa mapokezi amezimia, mafundi huko ndani wanaendelea na kazi ila mgeni akija mlangoni hapati wa kumjibu. Hiyo 503 unayoiona mara nyingi maana yake ndo hiyo, mlango upo ila hostd haijibu nyuma yake. Kwaiyo kuributi hosti hapo ni kuua VM nzima nzima kwa ajili ya ajenti mmoja.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui. `esxcli` na `vim-cmd` zote zinapita kwa hostd. Hostd ikiganda na zenyewe zitaganda au zitakupa eroo ya kushindwa kuunganika, afu mtu anapata kiwewe anadhani hosti nzima imekufa. Tumia `localcli` badala yake, maneno yanayofuata ni yale yale ya esxcli ila hii inaenda moja kwa moja bila kupita kwa hostd. Ila itumie kusoma tu, usibadilishe mipangilio kwa localcli hostd ikiwa hai mana hostd haitajua kilichobadilika na mtaanza kupishana.

Kwaiyo anza hivi:

`localcli vm process list`

Hapo utaona VM zote zilizo hai, jina, World ID (namba ya VM ikiwa inakimbia) na mahali faili la vmx (la mipangilio ya VM) lilipo. Nakili hayo yote uyaweke pembeni kwenye kompyuta yako, ukija kuharibikiwa utayahitaji. Afu `esxtop`, nayo haihitaji hostd, uone CPU na memori zikoje. Kisha:

`/etc/init.d/hostd status`
`tail -n 200 /var/log/hostd.log`
`tail -n 200 /var/log/vmkernel.log`
`vdf -h`

Hiyo ya mwisho ni muhimu. ESXi inaweka sehemu kubwa ya mfumo wake kwenye ramdiski, yaani diski ndogo inayokaa ndani ya memori, na ramdiski ikijaa hostd inashindwa kuandika hata faili dogo na inaanza vituko. `vdf -h` itakuonyesha ramdiski zote chini kabisa. Ukitaka kuona na idadi ya inodi (kila faili linatumia moja) piga `localcli system visorfs ramdisk list`, mana kuna wakati nafasi ipo ila inodi zimeisha, kwenye matoleo ya zamani tulikuwa tunakuta `/var/spool/snmp` imejaa vifaili vidogo vidogo mpaka hosti inakosa pumzi.

Na usisahau logi za ESXi zinaandikwa kwa saa za UTC. Usizitafute kwa saa iliyo ukutani kwako, piga `date` kwanza uone hosti inajua ni saa ngapi ndo uhesabu kurudi nyuma.

Kuhusu `services.sh restart`, hiyo inaristati ajenti wote kwa mpigo. Kama hosti inatumia LACP kwenye kadi za mtandao (kuunganisha kadi kadhaa ziwe kama moja), au vSAN ya storeji, au NSX ya mtandao, unaweza kukata mtandao au storeji ya VM ambazo zilikuwa salama. Ukifika hatua ya kuristati, ristati anayeumwa tu, `/etc/init.d/hostd restart` na kisha `/etc/init.d/vpxa restart`. Ila kwanza tuletee vmkernel.log, mana hostd haigandi bure bure.

kebo_nyekundu:

Sawa nimeelewa hoja ya LACP, sisi hatuitumii ndo mana haijawahi kutuletea shida. Nilikuwa sijui kama localcli ipo.

mlinzi_wa_seva:

Asanteni sana. Nimefanya kama alivyosema teminali. `esxcli` iliganda kweli nikaikata, `localcli vm process list` ikajibu papo hapo na VM zote zimo pamoja na ile iliyoganda. Ramdiski ziko vizuri hamna iliyojaa. hostd inasema inakimbia, lakini web bado 503.

vmkernel.log ndo imejaa vitu, mistari inayojirudia rudia ya namna hii nimefupisha:

`NMP device "naa.6…" state in doubt, requested fast path state update`
`Device or filesystem with identifier [naa.6…] has entered the All Paths Down state.`

Nikajaribu `ls /vmfs/volumes/` ili nione datastoo zangu (sehemu zinapokaa mafaili ya VM), teminali ikaganda, nikafungua SSH nyingine. Hapo ndo nimesimama sijagusa kitu kingine.

Mtunza_Diski:

Hapo umesema kila kitu mkuu. Tatizo lako siyo hostd, ni storeji, hostd ni majeruhi tu. Hiyo ni APD, yaani njia zote za kwenda kwenye hiyo LUN (diski inayotolewa na storeji) zimekatika na storeji haijaiambia hosti kama imeondoka moja kwa moja au itarudi. Kwaiyo hosti inabaki inasubiri. Hostd kazi yake nyingine ni kuzunguka datastoo zote kuziangalia, ikifika kwenye hiyo iliyokufa nyuzi zake zinakwama moja baada ya nyingine mpaka haibaki hata moja ya kukujibu wewe. Ndo mana na `ls` yako imekwama, imekwenda kugusa kila datastoo ikiwemo hiyo.

Ukiristati hostd saa hizi kuna uwezekano mkubwa itakwama tena wakati wa kuwaka, mana inaanza kwa kusoma datastoo zile zile. Ndo sababu naungana na teminali, usiristati kwanza.

Kwa kawaida APD ikianza hosti inahesabu sekunde 140, zikiisha inaacha kurudia rudia maombi ambayo siyo ya VM, inayakata mapema. Maombi ya VM yenyewe yanaendelea kurudiwa, kwaiyo VM yenye kitu kwenye hiyo LUN inabaki imesimama inasubiri. Nadhani ndo hiyo yako iliyoganda.

Sasa fanya hivi, zote ni za kusoma tu:

`localcli storage core device list -d naa.6…`

Angalia mstari wa Status. Ikiandika `on` iko hewani. `dead` iko kwenye APD na saa inahesabu. `dead timeout` zile sekunde zimeisha. `not connected` hiyo ni PDL, maana yake storeji yenyewe imesema LUN hii haipo tena, na hapo hosti haisubiri.

Kisha `esxcfg-mpath -b` uone njia za kila LUN kwa ufupi na ipi imekufa. Hapo hapo utajua kama ni LUN moja tu au ni adapta nzima. Kama ni LUN zote za adapta moja tafuta kebo, swichi au kadi. Kama ni LUN za storeji moja tu na nyingine ziko salama basi shida iko upande wa storeji hiyo.

Kama ni iSCSI, yaani storeji inayofikiwa kwa mtandao wa IP, pima mtandao kutoka kwenye intafeisi ile ile inayotumika na storeji, siyo kwa ping ya kawaida inayotokea kwenye intafeisi ya usimamizi:

`vmkping -I vmk2 10.x.x.x`
`nc -z 10.x.x.x 3260`

Na kama mmeweka paketi kubwa za MTU 9000 (MTU ni ukubwa wa mwisho wa paketi) piga na hii `vmkping -I vmk2 -d -s 8972 10.x.x.x`. Hiyo 8972 siyo namba ya kubuni, ni 9000 ukitoa baiti 20 za kichwa cha IP na 8 za ICMP, na `-d` inakataza paketi isikatwe vipande njiani. Ping ndogo ikipita na kubwa ikigoma kuna swichi katikati ambayo haijawekewa MTU hiyo, hilo tatizo linasumbua sana watu mana kila kitu kinaonekana kizima mpaka data nyingi ianze kupita.

Swali langu kwako, hiyo LUN ni ya storeji ipi? Kuna mtu kagusa kitu huko?

teminali_nyeusi:

Na kuhusu VM iliyoganda usihangaike kuiua sasa. Nakuwekea utaratibu kwa ajili ya baadae. Hostd ikiwa hai unaanza kistaarabu, `vim-cmd vmsvc/getallvms` upate namba ya VM, `vim-cmd vmsvc/power.shutdown 23` ambayo inaiomba mfumo wa ndani ujizime wenyewe na inahitaji VMware Tools ziwe zinafanya kazi, ikigoma `vim-cmd vmsvc/power.off 23`. Ikigoma na hiyo ndo unaingia kwenye prosesi, `esxcli vm process list` uchukue World ID, afu

`esxcli vm process kill --type=soft --world-id=…`

ukisubiri bila mafanikio unabadilisha `soft` iwe `hard`, na `force` ndo ya mwisho kabisa. Usiruke moja kwa moja kwenye force, soft inaipa prosesi ya VM nafasi ya kufunga mafaili yake vizuri.

Ila prosesi inayosubiri jibu la diski kutoka kwenye LUN iliyokufa hata force inaweza isiiue, itabaki hapo mpaka ombi lake la diski lijibiwe. Ndo mana nakwambia rudisha storeji kwanza.

mlinzi_wa_seva:

Wakuu mmeipiga palepale. Status ni `dead timeout`, na kwenye `esxcfg-mpath -b` njia zilizokufa ni za storeji ya zamani tu, nyingine zote ziko hai. `vmkping` kwenda storeji mpya inapita hata ile ya 8972, kwenda ya zamani kimya. Nimeuliza watu wa storeji wakasema ile ya zamani wameizima mana data zote zilishahamishwa. Kweli zilihamishwa, ila hakuna aliyeondoa datastoo yake kwenye hosti, na ile VM iliyoganda nakumbuka iliwahi kuwekewa ISO (faili la CD) iliyokuwa kwenye datastoo hiyo.

Kwanini hosti zingine kwenye klasta ziko salama lakini? Nazo zilikuwa zinaiona hiyo LUN.

Mtunza_Diski:

Hosti zingine hazina VM iliyoshikilia kitu huko kwaiyo shinikizo ni dogo, ila usizihesabu salama. Zipime na zenyewe kwa `localcli storage core device list`, naamini utakuta `dead timeout` ile ile, na muda wowote mtu akipiga riskani ya storeji (kutafuta diski upya) kutoka vCenter zinaweza kukwama pia. Kwaiyo wakataze watu kupiga riskani mpaka mmalize.

Dawa iliyo salama kuliko zote ni hii, waombe waiwashe storeji ya zamani kwa muda. Njia zitarudi zenyewe, utaona kwenye vmkernel.log mstari unaosema imetoka kwenye APD, ile VM itapumua, na hostd mara nyingi inaamka yenyewe, isipoamka ndo unairistati sasa ukiwa na amani kwa zile `/etc/init.d/` mbili.

Hostd ikiwa hai hakikisha kwanza hakuna kazi inayoendelea kabla ya kugusa kitu, `vim-cmd vimsvc/task_list`. Kisha tafuta nani kashika ISO:

`grep -i "\.iso" /vmfs/volumes/*/*/*.vmx`

(hii usiipige wakati storeji imekufa, itakwama kama `ls` ilivyokwama)

Toa hiyo ISO kwenye mipangilio ya VM. Wakati mwingine mfumo wa ndani unakuwa umeishika CD na VM inasimama ikisubiri ujibu swali, na swali hilo kwenye SSH haulioni mpaka upige `vim-cmd vmsvc/message 23`, ukiona VM imesimama bila sababu angalia hapo.

Baada ya hapo unaiondoa datastoo kwa mpangilio, kwenye kila hosti inayoiona:

`esxcli storage filesystem list`
`esxcli storage filesystem unmount -l jina_la_datastoo`
`esxcli storage core device set --state=off -d naa.6…`

Ikigoma kutoka kuna kitu kinaitumia. Vitu vinavyosahaulika ni logi za hosti zilizoelekezwa huko, angalia kwa `esxcli system syslog config get`, faili la kudampia kerneli ikianguka `esxcli system coredump file list`, na HA ya klasta (ile ya kuwasha VM kwingine hosti ikifa) ambayo inaweza kuwa imeichagua kama datastoo ya mapigo ya moyo. Ondoa hivyo kwanza.

LUN ikishazimwa kwenye hosti zote ndo watu wa storeji waiondoe kwao. Kwa iSCSI futa na anwani ya ile storeji ili hosti isiendelee kuitafuta kila ikiwaka, mana hosti yenye anwani za storeji iliyokufa inachukua muda mrefu sana kuwaka:

`esxcli iscsi adapter discovery sendtarget remove -A vmhba64 -a 10.x.x.x:3260`

jina la adapta lako linaweza kuwa tofauti, `esxcli iscsi adapter list` itakwambia. Na mwisho `esxcli storage core adapter rescan --all`.

Mpangilio huo naomba uwape na watu wa storeji. Kwanza hosti inaaga, ndo LUN inaondolewa. Wakigeuza, matatizo kama haya yanarudi, na siku nyingine yanaweza kukuta LUN yenye databesi ndani.

simba_wa_virsh:

Nimeona mtoa mada kataja KVM, ngoja niweke ya kwetu huku wakisubiri storeji iwake.

Kanuni ni ile ile, libvirtd ni ajenti wa usimamizi tu, siyo VM. Kila VM ni prosesi ya qemu inayojitegemea kwaiyo `systemctl restart libvirtd` haiziui. Kwenye distro mpya libvirtd imegawanywa, utakuta `virtqemud` na wenzake, kwaiyo angalia ipi inakimbia kwako kabla ya kusema servisi haipo.

Tatizo linaloongoza kwenye KVM ni diski kujaa. VM zako zinakaa kwenye puli ya LVM (mgawanyo wa diski wa Linux) ya aina ya thin au kwenye faili za diski za qcow2, umezigawia nafasi kubwa kuliko iliyopo, siku moja inajaa na VM zinasimama zenyewe. Mtu anaona VM imeganda anaizima kwa nguvu, kumbe ilikuwa imesimamishwa ili data isiharibike. Piga:

`virsh list --all`
`virsh domstate --reason jina`

Ikikujibu `paused (I/O error)` usiizime. Angalia `virsh domblkerror jina` ujue ni diski gani, kisha `df -h`, `df -i`, na kama ni LVM:

`lvs -o lv_name,lv_size,data_percent,metadata_percent`

Hiyo metadata (kumbukumbu za puli yenyewe) watu hawaiangalii kabisa, data iko asilimia 60 wewe unajua uko salama kumbe metadata imefika 100 na puli imegoma. Ongeza nafasi, kwa `lvextend` au kwa kufuta kitu unachokijua, afu `virsh resume jina` na VM inaendelea pale pale ilipoachia. Ukifuta faili na nafasi hairudi piga `lsof +L1`, kuna prosesi bado imelishika faili lililofutwa.

`virsh destroy` haifuti VM, inaikata umeme ghafla. Diski inabaki. Ya kuiondoa kwenye orodha ni `undefine`, hiyo ndo ya kuwa nayo makini.

VM ikizimika yenyewe usiku bila mtu kugusa soma `/var/log/libvirt/qemu/jina.log` na `dmesg -T | grep -i -E "oom|killed"`. Mara nyingi kerneli imekosa memori ikachagua prosesi kubwa kuliko zote kuiua, na kwenye hosti ya KVM prosesi kubwa ni VM yako.

Na jambo moja ambalo nalisema kwa herufi kubwa, USIPIGE `qemu-img check -r` kwenye diski ya VM inayokimbia, wala `qemu-img snapshot`. Utaiharibu. Ukitaka kusoma taarifa tu tumia `qemu-img info -U`, iyo `-U` inairuhusu isome hata kama VM imelishika faili. Kwenye Proxmox, nayo inatumia KVM, kuna `qm unlock` watu wanaipiga kila wakiona VM ina kufuli, kwanza hakikisha bekapu au uhamisho uliolifunga umekufa kweli, kama bado unaendelea unaingilia kazi ya katikati.

mlinzi_wa_seva:

Mrejesho. Waliiwasha storeji ya zamani, kwenye vmkernel.log nikaona njia zinarudi moja moja, VM iliyoganda ikaanza kujibu yenyewe bila kuguswa. Hostd ilibaki vile vile kwaiyo nikairistati pamoja na vpxa, vCenter ikaiona hosti, databesi hazikukatika hata kidogo. ISO nimeitoa, datastoo nimeishusha kwenye hosti zote. Moja iligoma kama Mtunza_Diski alivyosema, ilikuwa HA, nikabadilisha ikakubali. Na KVM nimekuta metadata ya puli iko juu sana, nimeiongeza kabla haijaniletea maneno, simba asante sana.

Limebaki moja. Kuna VM kwenye hosti hii ilikuwa nzito hata kabla ya haya yote, wenye nayo wanataka niiongezee CPU. Ina vCPU (CPU pepe) 8. Nitajuaje kama inahitaji kweli?

teminali_nyeusi:

Hongera mkuu, umefanya kazi safi.

Ingia `esxtop`, unaanzia kwenye ukurasa wa CPU, bonyeza `V` kubwa uone VM tu. Angalia %RDY, huo ni muda VM iko tayari kufanya kazi ila inasubiri CPU halisi ipatikane. Sasa namba unayoiona pale ni jumla ya vCPU zote, kwaiyo VM ya vCPU 8 ikionyesha 40 ni kama 5 kwa kila moja. Bonyeza `e`, weka GID ya VM (namba yake kwenye safu ya GID), utaona kila vCPU peke yake. Mimi nikiona 5 kwa vCPU moja naanza kuifuatilia, ikifika 10 najua watu wanaumia.

Angalia na %CSTP. Hiyo ikipanda maana yake vCPU zingine zimesimamishwa kusubiri wenzao, ni dalili ya VM kupewa vCPU nyingi kuliko hosti inavyoweza kuzipangia. Hapo ukiongeza unaizidishia mzigo, na ukipunguza kutoka 8 kwenda 4 mara nyingi inakuwa nyepesi, wenye VM hawakuamini mpaka waone wenyewe. Kama %RDY na %CSTP ziko chini na %USED iko juu muda wote, basi inahitaji kweli, iongezee.

Kama CPU iko sawa bonyeza `m` uangalie memori, MCTLSZ ikiwa juu ya sifuri hosti inainyang'anya VM memori kwa puto, na SWR/s ikisoma kitu hosti inasoma memori kutoka diski, hapo hakuna VM itakayokuwa na kasi. Kisha `u` kwa storeji, kuna DAVG ambayo ni muda unaotumika kwa storeji yenyewe na njia ya kuifikia, KAVG ni muda unaopotea ndani ya kerneli ya hosti, na GAVG ni jumla ya hizo mbili, ndo anachokisikia mteja ndani ya VM. DAVG ikizidi milisekunde 20 mara kwa mara nenda kwa watu wa storeji. KAVG inatakiwa iwe karibu na sifuri, ikizidi 2 foleni imejaa kwenye hosti.

Usiamue kwa kuangalia dakika moja. Rekodi wakati watu wako kazini:

`esxtop -b -d 5 -n 720 > /vmfs/volumes/datastoo/rekodi.csv`

Hiyo ni saa nzima kwa kila sekunde 5. Iandikie kwenye datastoo, usiandikie `/tmp` mana ni ramdiski na tulishasema zikijaa inakuwaje.

kebo_nyekundu:

Naomba kuongeza kitu kuhusu snapshoti (nakala ya hali ya VM ya wakati fulani) mana zinafanya VM kuwa nzito na watu wanasahau. `vim-cmd vmsvc/get.snapshotinfo 23` uone kama zipo. Bekapu nyingi zinaacha snapshoti nyuma zikikatika katikati, na ukizikuta kubwa kuzifuta kwa `snapshot.removeall` kunachukua muda na kunakula nafasi ya datastoo wakati wa kuunganisha, kwaiyo hakikisha nafasi ipo na usiikate katikati hata kama asilimia imesimama muda mrefu. Unaweza kuifuatilia kwa kuangalia ukubwa wa mafaili kwa `ls -lh` kwenye folda ya VM, kama tarehe za mafaili zinabadilika basi kazi inaendelea.

Mtunza_Diski:

Nyongeza nzuri hiyo. Mlinzi, kabla hujaondoka kusanya ushahidi wa tukio lako, `vm-support -w /vmfs/volumes/datastoo/` itafungasha logi zote kwenye faili moja, mana logi zinazunguka na zile za leo zitafutwa na mpya. Na uelekeze logi za hosti kwenye seva nyingine ya logi:

`esxcli system syslog config set --loghost='udp://10.x.x.x:514'`
`esxcli network firewall ruleset set -r syslog -e true`
`esxcli system syslog reload`

Siku hosti ikifa kabisa utakuwa na pa kusoma ilisema nini mwisho.

mlinzi_wa_seva:

Zote nimefanya, logi zinaingia. SSH sasa niiache imewashwa au niizime? Leo ndo imeniokoa.

teminali_nyeusi:

Izime mkuu. ESXi imelengwa sana na wale wa kufungia watu mafaili na kudai pesa, Februari 2023 hosti nyingi duniani zilipigwa kwa mpigo kupitia kinachodhaniwa ni tobo la servisi ya OpenSLP ambalo apdeti yake ilikuwepo toka 2021, na kila mlango ulio wazi unawarahisishia kazi. Funga kwa `vim-cmd hostsvc/stop_ssh` na `vim-cmd hostsvc/disable_ssh` ili isiwake tena hosti ikiributi. Ukija kuihitaji wakati hostd imekufa, pitia kwenye konsoli ya seva yenyewe, iLO au iDRAC au kitu chochote ulichonacho, F2, weka pasiwedi ya root, kwenye Troubleshooting Options utaiwasha hapo. Hakikisha leo hii kwamba hiyo konsoli unaifikia na pasiwedi yake unayo.